Mzamiaji

Kariakoo wananiita Mzamiaji. Nalieleza jina hili mapema kwa sababu limeshaniponza. Siku moja ofisa mmoja alikuwa akipita zake Mtaa wa Aggrey, akasikia kijana wa kubeba mizigo ananipigia kelele, "Mzamiaji! Kontena limefika!" Ofisa akakata kona. Mchina, halafu Mzamiaji: wewe ungefikiri nini? Akaomba pasipoti na kibali cha kuishi. Nikamtolea vyote, mihuri imejaa mpaka pembeni. Akavikagua, akanirudishia, akauliza sasa hilo jina limetoka wapi. Nikamwambia, mkuu, limetoka kwenye maji ya kwetu Guangzhou, ambayo mimi nilikuwa na hakika hayapo. Akavuta kiti.

Basi na wewe vuta kiti.

Nimezaliwa Guangzhou mwaka 1985, upande wa magharibi wa mji wa kale, sehemu wenyewe tunayoiita Xiguan. Ni jiji la joto na jasho, la mto mkubwa, la watu wanaopenda kula na kuuza kuliko kulala, ndiyo maana Dar haikunipa shida hata siku moja. Niliondoka kwetu Juni 2004, nina miaka 19, nikaja kumsaidia mjomba wangu kuuza taa na swichi. Ndege niliipandia uwanja wa zamani, ule uliokuwa umezungukwa na makazi ya watu. Miezi miwili baadaye, Agosti, wakaufunga wakahamia uwanja mpya, kilomita kama 28 nje ya mji. Ningekuwa na akili ningeshtuka pale pale: jiji halikungoja hata nikauke jasho la kuaga.

Sikurudi kwa miaka 15. Wazazi walihamia Canada kwa dada yangu, Guangzhou akabaki shangazi mmoja tu, dada mkubwa wa baba, ambaye kwa Kikantoni namwita Gu Ma. Lakini kwa mdomo sikuondoka Guangzhou hata siku moja. Kila mteja wangu aliyekwenda China kufunga mzigo nilimchorea ramani nyuma ya risiti: ukifika hapa kata kushoto, ukiona msufi umefika. Walizipokea kwa mikono miwili. Baadaye nikaja kujua kwamba wengi walizitumia kufungia karanga kwenye ndege.

Sasa kuna mama mmoja, jina lake nalihifadhi kwa sababu bado ananidai. Tumwite Mama Mapazia. Pazia lolote unaloliona likipepea kuanzia Tandika mpaka Mbagala, ujue huenda limepita mikononi mwake. Ana miaka hamsini na ushee. Mimi namwamkia, yeye ananiita mdogo wangu. Kila mwaka huenda Guangzhou mara tatu. Oktoba 2019, msimu wa yale maonyesho makubwa ya biashara yaliyoanza mwaka 1957, tukajikuta tumekata tiketi ndege moja, kupitia Addis Ababa.

Nikamwambia tukiwa angani, "Mama, safari hii pumzisha kichwa. Mkalimani usimlipe, njia usiulize. Unakwenda na mwenyeji."

"Una uhakika, mdogo wangu? Kule mambo hugeuka kila siku."

"Mama, mimi kule nimezaliwa."

"Haya baba."

Aliyeishi Tanzania anajua "haya baba" ya mama mtu mzima haina uhusiano wowote na kukubali. Mimi niliihesabu kuwa ushindi, nikalala mpaka tunatua.

Nje ya uwanja nikakaa mbele kwenye teksi kama mwenye mji, nikamsemesha dereva Kikantoni safi, kile cha bibi yangu, chenye mikato yote. Dereva akanitazama. "Ting bu dong." Yaani sikuelewi. Alikuwa mtu wa mkoa wa Henan, amekuja kutafuta maisha kama nusu ya madereva wa jiji lile, na Kikantoni kwake ni kama Kimakonde kwa Mhaya. Nikahamia Kimandarini, lugha ya taifa. Nilikisoma shule, ni kweli, lakini kwa miaka 15 nilikuwa nakitumia kugombana na wauza taa kwenye simu tu, na lugha ile ukikosea kupanda na kushuka kwa sauti umesema kitu kingine kabisa. Dereva akanisikiliza kwa upole, akauliza, "Wewe ni Mmalaysia?"

Nyuma ikatoka sauti: "Shifu! Xiaobei, Tianxiu Dasha!"

"Hao!" akajibu dereva, na gari likaondoka.

Sikugeuka nyuma. Nikajifanya natazama mandhari.

Na mandhari yenyewe yalinichanganya zaidi. Nilipoondoka, kule mashariki kulikuwa na mashimo ya ujenzi na vijiji vilivyomezwa na jiji, vile ambavyo nyumba zake zilijengwa karibu karibu mpaka tunaziita majengo ya kupeana mikono, maana unaweza kumsalimia jirani dirishani bila kutoka kitandani. Sasa kando ya mto umesimama mnara wa mita 600, umebanwa katikati kama bibi harusi aliyefungwa mkaja, na watu wa mji wanauita Kiuno Chembamba. Mama Mapazia akanionyesha kwa kidole. "Ule ulifunguliwa mwaka wa Michezo ya Asia, 2010. Kupanda juu ni pesa nyingi, usihangaike, picha nzuri zinapigwa chini." Nikamshukuru. Nilijisikia kama mgeni anayepokewa na shangazi yake Ubungo.

Xiaobei ni mtaa ambao utotoni mwangu ulikuwa mtaa tu. Leo ukishuka pale unasikia Kifaransa cha Kinshasa, Kiarabu, Kiswahili cha Mombasa na cha kwetu, wote wanaulizana habari za kontena na kilo. Hatukutembea hatua ishirini bila mtu kumwita Mama Mapazia. Vijana wa mizigo wanamwita, muuza chakula anamwita, mlinzi wa jengo, Mchina mwenzangu, akamwinamia na kumuuliza hali ya mgongo. Kisha akanigeukia mimi akataka kitambulisho.

Asubuhi nikasema lazima nimwonjeshe kitu cha kwetu. Kuna chai ya mitishamba inayouzwa vibandani, nyeusi, chungu kama mwarobaini uliolala, tunakunywa kupunguza joto la mwili. Nikaagiza vikombe viwili, nikatoa noti ya yuan 100. Kijana akaishika akaigeuza, ungesema nimempa rupia ya Mjerumani. Akanionyesha karatasi yenye mraba wa vidoadoa: piga hapo na simu. Simu yangu ilikuwa na laini ya Dar, na pochi yake ya Kichina ilikuwa tupu kwa sababu sina akaunti ya benki kule. Fikiria: natoka nchi ambayo muuza mchicha ana namba ya malipo, nakuja kushindwa kununua dawa ya joto nyumbani kwetu. Mama Mapazia akanyoosha simu yake, ikalia *ti*, tukanywa. Akatoa kijidaftari kwenye mkoba. "Chai mbili," akasema huku akiandika. Hilo ndilo deni ninalolisema. Lilianzia pale.

Ilikuwa Ijumaa. Mchana akaniaga anakwenda kuswali, nikamuuliza wapi, akasema msikitini, kwenye kaburi la sahaba. Kaburi gani? Akanishangaa. Kumbe karibu na bustani ya Yuexiu, mahali nilipopita mamia ya mara nikienda kuzitazama zile sanamu za mbuzi watano walioupa mji wetu jina la utani, kuna msikiti na kaburi ambalo Waislamu wa kule husimulia kuwa ni la Saad bin Abi Waqqas. Na katikati ya mji wa kale upo mwingine, wenye mnara mweupe mrefu wa karne nyingi. Nimesoma shule kilomita mbili kutoka pale nikidhani ule mnara ni wa taa za meli. "Na hao mbuzi," akaniuliza, "hadithi yao inasemaje?" Nikafurahi, hatimaye swali langu! Nikamweleza kwamba malaika watano walishuka wamepanda mbuzi, wakaleta masuke ya mpunga, njaa ikaisha, mbuzi wakageuka mawe.

"Mbuzi watano wakageuka mawe," akasema, "na mpunga tayari upo. Pilau imepotea hivyo hivyo." Akaenda zake kuswali.

Jioni ndiyo ilikuwa zamu ya shangazi. Gu Ma alikuwa amenitumia ujumbe wa sauti: "Usije nyumbani. Nitakuwa kando ya maji, Lizhiwan, karibu na jukwaa la opera. Ukipotea, uliza." Nikausikiliza mara mbili, nikasikitika.

"Vipi?" akauliza Mama Mapazia.

"Shangazi amezeeka, mama. Kichwa kimeanza kumcheza. Hapo anapopasema hakuna maji."

Na hili nilikuwa nalijua kwa macho yangu. Lizhiwan ni jina la kale, Ghuba ya Lichi, lile tunda lenye ganda jekundu. Zamani palikuwa na mfereji unaoingia mtoni, na babu alikuwa akinisimulia vijimashua vilivyouza uji juu ya maji. Mimi niliukuta mfereji wenyewe umeshakuwa wa maji meusi, ukipita unaziba pua kwa kola ya shati. Mwaka 1992, nina miaka saba, wakaufunika. Nilisimama na babu tukatazama wanavyopanga mabamba ya zege juu yake, ikawa barabara. Juu ya barabara ile ndipo nilipojifunzia baiskeli. Sasa mtu akuambie tukutane kando ya maji, si utamwombea tu?

Tulikwendaje? Mimi nilipendekeza basi. Mama Mapazia akasema kwa sauti ya daktari anayeandika dawa: "Nyekundu kimoja, buluu vitatu, njano vitatu, tunashuka Changshou Lu." Nilipoondoka treni za chini ya ardhi zilikuwa na njia mbili, sasa zimepita kumi. Nikamfuata kama mtoto anayepelekwa kliniki. Ndani ya behewa tangazo la kituo likasomwa kwa Kimandarini, kisha Kikantoni, na mimi kusikia Kikantoni kinatoka darini koo likanikaba. Mama Mapazia akanipa tishu. Hakuandika tishu kwenye daftari, nakiri.

Pale Changshou Lu nikaamka upya. Huku sasa ni kwetu! Barabara ya Enning na nyumba zake za ghorofa zilizotokeza mbele zikakaa juu ya nguzo, chini yake watembea kwa miguu wanapita bila jua wala mvua. Mtu wa Zanzibar angeita baraza, angeomba na kahawa. Nikashika uongozi. Nikaanza kutembea kinyumenyume, uso kwa mgeni wangu, mkono juu, kama nilivyowaona waongoza watalii wa Mji Mkongwe. Ushike sana huo mtindo wa kinyumenyume.

"Hapa mama, miaka ile ilipovuma habari ya kubomoa, ukutani wanachora duara jekundu, ndani wanaandika herufi moja tu. Ukiiona kwenye nyumba yako, anza kufunga vyombo."

"Herufi gani?"

"*Chai*. Maana yake bomoa."

Akasimama. "Chai?"

"Chai."

"Yaani mtu anakuandikia chai ukutani, halafu unahama?"

"Ndiyo."

"Kwetu chai ukiitoa ndiyo huhamishwi," akasema, akacheka mpaka akashika nguzo. Wapita njia wakaanza kucheka naye bila kujua wanacheka nini. Baadaye kidogo akaongeza, "Na hizo hadithi zako zote za ramani nazo, kumbe chai tu."

Kichochoro chetu sikukiona. Nilikuwa na alama tatu: kinyozi, kisima, na msufi. Ule msufi wa kwetu huchanua mwezi Machi, maua makubwa mekundu kabla ya majani, yakidondoka yanalia *pu!* kama embe bichi, na bibi alikuwa akiyaokota, anayaanika, anachemsha supu. Lakini huu ulikuwa Oktoba. Bila maua misufi yote ni miti tu, na mimi si bwana misitu. Kinyozi amekuwa duka la sabuni za manukato. Kisima sijui.

Badala yake tukatokea mahali panapoitwa Yongqing Fang. Nyumba za matofali ya kijivu zipo, mabamba marefu ya mawe chini yapo, lakini palipokuwa na wazee waliovaa fulana wakicheza mahjong pamejaa vioo, taa za njano, na wasichana wanapigana picha wamekumbatia maua makavu. Sehemu hii walianza kuikarabati badala ya kuibomoa yote, wakaifungua 2016. Ni kama umekutana na mwanafunzi mwenzio amepigwa msasa, amevaa suti, anakuambia "tulisoma wote?" Huwezi kusema amechakaa. Lakini humjui.

Ndipo nikauona mlango.

Nyumba za Xiguan zina mlango wa aina yake. Nyuma ya kijilango kifupi cha mbele kuna fremu yenye magogo ya mviringo yaliyolazwa, kama ngazi nene, inasukumwa kando kwa magurudumu na kulia *krrrr*. Upepo unaingia, mwizi haingii. Idadi ya magogo lazima iwe witiri. Wetu ulikuwa na magogo kumi na matatu, na nayajua yote, kwa sababu nikiwa na miaka mitano nilipitisha kichwa kati ya la nne na la tano kumtazama muuza peremende, kichwa kikagoma kurudi. Bibi alinipaka mafuta ya karanga masikioni. Muuza peremende aliuza sana siku ile.

Nikayahesabu yale magogo mbele ya mkahawa. Kumi na matatu. Nikayahesabu tena. Nikaupapasa mlango, nikaweka paji la uso kati ya gogo la nne na la tano, machozi hayo. Mama Mapazia, mtu wa huruma, akanishika bega. "Pole, mdogo wangu. Lia tu, ni kwenu." Nilikuwa nimefika mahali pa kumtaja bibi kwa jina la nyumbani alipotoka kijana aliyevaa aproni.

"Mjomba, samahani. Unazuia wateja."

"Huu ni mlango wa bibi yangu," nikamwambia kwa Kikantoni. Huyu alikielewa, Mungu ambariki.

"Haiwezekani, mjomba. Tuliufunga mwaka juzi. Umetoka kiwandani, Foshan." Akausukuma kunionyesha. Haukulia *krrrr*. Uliteleza kimya kama droo ya ofisi.

Kwa aibu ile ilibidi ninunue kahawa. Yuan 32 kikombe, kama shilingi elfu kumi, pesa ambayo kwa muuza kahawa wa Gerezani kinakunywa kijiwe kizima na kashata juu. *Ti.* Daftari.

Mama Mapazia yeye alikuwa na furaha zake. Hatua chache mbele aligundua nyumba ya baba yake Bruce Lee, aliyekuwa mcheza opera ya Kikantoni. "Umekulia jirani na kwao Bruce Lee, miaka kumi na tano tunafanya biashara, hujawahi kuniambia?" Sikuwa najua! Utotoni ilikuwa nyumba tu, tena yenye mbwa. Akapiga picha kumi na nne, moja amekunja ngumi, akaituma kwa kaka zake wa Tandika waliokuwa wakichungulia kwenye mabanda ya video. Majibu yalimiminika. Kwa dakika ishirini mimi sikuwepo kwenye safari ile.

Giza likaanza kuingia. Nikatoa simu tutafute njia. Ramani ya simu yangu ikaonyesha tumesimama katikati ya kitu cha buluu. Hapa nikamtolea mama elimu: China ina mfumo wake wa vipimo vya ramani, hivyo ramani za nje ukizitumia kule hukusogeza mamia ya mita. "Unaona? Inasema tuko majini. Hizi ndizo zinazomchanganya shangazi."

"Lakini mdogo wangu, nasikia kama maji."

"Hizo ni feni za viyoyozi."

"Na zile taa nyekundu zinazocheza chini?"

"Sakafu wameipiga vigae. Sasa mama, sikiliza." Nikageuka uso kwake, nikaanza kinyumenyume changu, mfuko wa zawadi mkononi: kilo mbili za korosho za Mtwara na doti ya khanga niliyoichagua Mtaa wa Uhuru kwa wekundu wake tu, maana Gu Ma hupenda nyekundu. "Hapa nilipo," nikasema, "ndipo ilipoanzia barabara. Pana, zege tupu, imenyooka mpaka kule. Hapa ndipo baba alipoiachia baiskeli, akanipigia kelele, usitazame nyuma—"

"Mdogo wangu!"

"—ukitazama nyuma utaanguka—"

"WE MCHINA!"

Kulikuwa na ngazi za mawe, za kushukia kwenye mashua. Ya kwanza niliikanyaga. Ya pili niliikanyaga kidogo. Baada ya hapo sina kumbukumbu ya ngazi.

Ninachoweza kukuambia kuhusu maji ya Lizhiwan ni kwamba hayanuki tena. Hilo nilithibitisha kwa pua na kwa mdomo. Yalinifika kifuani niliposimama, lakini sikusimama mara moja, maana mimi ni mtu wa zege, nilikuwa natapatapa nikisubiri barabara inishike. Mashua ya watalii ilikuwa inakuja. Abiria wote wakawasha taa za simu. Mwanamke anayeiendesha akaninyooshea ule mti wake wa kusukumia, akaniuliza kwa Kimandarini kama najua kuogelea, nami kwa kuchanganyikiwa nikamjibu kwa Kiswahili, "Niko sawa, dada, asante, hapa ni barabarani."

Mama Mapazia alishuka zile ngazi kwa viatu vya kisigino kama mtu aliyeshuka huko kila siku. Akanishika kola. "Mgeni njoo," akasema akinivuta, "mwenyeji apone. Leo ndiyo nimeijua maana yake." Mkono wangu wa kushoto ulikuwa bado juu, umeuinua mfuko. Korosho hazikulowa hata moja. Mfanyabiashara ni mfanyabiashara.

Muziki, ambao sikuwa nimeusikia mpaka hapo, ukakatika. Ng'ambo ya maji kulikuwa na kibanda, wazee kama thelathini, mwenye zeze, mwenye matoazi, na katikati bibi mmoja mfupi ameshika kipaza sauti. Alikuwa katikati ya ubeti. Akanitazama. Akaweka kiganja juu ya macho, akatazama tena, kisha akasema kwenye kile kipaza sauti, mtaa mzima unasikia:

"Huyo si mtoto wa mdogo wangu?"

Miaka 15. Nilikuwa nimeandaa maneno kwenye ndege. Walinivusha daraja natiririka kama kuku aliyetoka kwenye ndoo, nikasimama mbele yake, nikasema, "Gu Ma."

"Umenenepa," akasema. "Umekula?"

Halafu, kabla sijajibu: "Si nilikwambia kando ya maji?"

Basi hapo ndipo niliposimuliwa habari za mji wangu, nimekaa kwenye kigoda cha plastiki. Kumbe mwaka 2010, Michezo ya Asia inakaribia, waliing'oa ile zege, wakausafisha mfereji, wakaurudishia hewa, madaraja na taa. Barabara yangu ya baiskeli iliishi miaka kumi na minane tu. Aliyeishi muda mrefu ni mfereji, mimi ndiye niliyezaliwa katika kipindi kibaya. Na nyumba? Alihamishwa zamani, yuko ghorofa ya 22 huko Baiyun, lifti inapanda mpaka masikio yanaziba. Kila jioni hupanda treni kurudi huku kuimba na majirani zake wa zamani, ambao nao wamesambazwa pande zote za jiji. Kwa umri wake hatozwi nauli.

"Mbona hukuniambia, Gu Ma?"

"Ungefanya nini? Ungekuja kuwazuia na taa zako?"

Wakati huo nilikuwa natetemeka. Mama Mapazia akafungua mfuko, akaniamuru nivue shati, akanifunga khanga moja kiunoni na nyingine mabegani kwa fundo ambalo hata tsunami isingelilegeza. Wazee wakapiga makofi. Mwenye zeze akapiga kidogo, kitu cha harusi nadhani. Gu Ma akaagiza uji, ule ule wa hadithi za babu, wa mchele uliopondeka mpaka ukawa maziwa, una vipande vyembamba vya samaki vilivyoivia humo humo bakulini, karanga, majani ya vitunguu, na vipande vya andazi refu la kukaanga vinavyolia mdomoni. Mama Mapazia alikunywa bakuli mbili. Wale wawili hawakuwa na lugha hata moja ya pamoja, lakini nilipoinua uso walikuwa wameshikana mikono, shangazi anamfundisha wapi pa kununua mapazia kwa bei ya chini kuliko soko la vitambaa la Zhongda, na mama anaandika kwenye lile daftari.

Ndipo Gu Ma akanyoosha kidole kwenye mgongo wangu. "Hayo maandishi yanasemaje?"

Sikuwa nimeyasoma. Nakuapia, nilinunua rangi. Mama Mapazia akanigeuza kwenye taa, akayasoma kimyakimya, akakaa chini taratibu, akaficha uso kwenye mtandio, mabega yanamtikisika.

Nikavuta pindo nijisomee. *Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.*

Nikamtafsiria shangazi neno kwa neno. Akatafuna karanga, akafikiri, akanitazama kuanzia viatu vyangu vilivyolowa mpaka juu.

"Lakini wewe hukuvua," akasema.